Kikao kimenishinda: wachache wanasema, wengi wananung'unikia njiani

Mzee wangu mshauri,

Pokea salamu za heshima kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni mama wa makamo, muuza nafaka sokoni, na tangu mwezi wa pili mwaka huu nimekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko wanachama 41: wauza nafaka, wauza mitumba, mafundi cherehani, waendesha boda boda, na vijana wachache wanaobadilisha fedha karibu na mpaka. Wamo Wasamia, Wateso, Waganda na Wagisu, ndiyo maana vikao vyetu tunaviendesha kwa Kiswahili, ingawa wapo wanaokielewa vizuri na kukisema kwa shida. Tunakutana kila Jumapili saa nane mchana. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo upande wa akiba za kila wiki sina malalamiko. Kinachonishinda ni kikao chenyewe.

Kikao ambacho kingemalizika saa kumi kinatufikisha saa kumi na mbili jioni. Tunaye mzee mmoja aliyeanzisha kikundi hiki, ambaye tunamheshimu sana. Kila jambo likitajwa yeye ndiye wa kwanza kusema, na akishasema hakuna anayethubutu kusema tofauti. Akina mama wa mitumba hukaa kimya mwanzo hadi mwisho, halafu njiani kurudi nyumbani ndipo wanapoyasema yote. Suala la faini ya kuchelewa tumelijadili vikao vinne mfululizo. Kila tukiamua, Jumapili inayofuata mtu analirudisha kama jambo jipya.

Mwezi uliopita mambo yaliharibika zaidi. Mwanachama mmoja alipendekeza tununue hema moja kubwa na viti 100 vya plastiki ili tuwe tunavikodisha kwenye harusi na misiba, kwa shilingi 4,800,000 za mfuko wetu wa miradi. Jambo hili lilikuja mwishoni, kwenye mengineyo, yapata saa kumi na moja na nusu, wakati wengine walikuwa wameshaondoka kwenda kufunga vibanda. Mzee alilipinga. Nilimweleza mbele ya wote kwa karibu nusu saa kwa nini upinzani wake hauna msingi, lakini hakunielewa. Tulipopiga kura, wanane walikubali na wanane wakakataa, nami nikaongeza yangu kwa kukubali, hoja ikapita. Mweka hazina alilipa amana ya shilingi 1,500,000. Sasa walioondoka mapema wanasema hawautambui uamuzi huo, na wengine wanasema niliiba kwa kura yangu. Katiba yetu inasema akidi, yaani idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiamue, ni nusu ya wanachama, na daftari la mahudhurio siku ile lilikuwa na sahihi 27, kwa hiyo hapo najua niko salama.

Kijana mmoja aliyewahi kuwa kwenye baraza la wanafunzi alitushauri tufuate kanuni za Bunge, akaleta na karatasi alizochapisha. Nilifurahi, lakini imekuwa balaa. Kila dakika anasimama na kupaza sauti, "Pointi ya oda!" Alimkatiza mama mmoja eti kwa sababu alizungumza akiwa amekaa, na mama yule amesema hatarudi tena. Mjadala ukichemka, kijana huyohuyo anasema, "Tupige kura!" nasi tunapiga.

Je, mzee wangu, kanuni hizi ni za waheshimiwa tu na hazitufai sisi wa sokoni? Na suala la hema nilimalize vipi?

Mwenyekiti aliyechoka, Busia

*

Mama Mwenyekiti,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo naona imekupita. Naanza na hema, kwa kuwa huko ndiko kuna fedha za watu.

Wanane walikubali, wanane wakakataa, na wewe ukawa wa kumi na saba. Nusu ya wanachama 41 ni ishirini na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu mtu, akidi yenu ni watu 21. Kama waliokuwepo wakati wa kura walikuwa 17, basi kikao hakikuwa na uwezo wa kuamua kununua hata kiti kimoja. Zile sahihi 27 zinathibitisha kwamba kikao kilifunguliwa kihalali saa nane. Hazithibitishi chochote kuhusu saa kumi na moja na nusu. Aliyetia sahihi akaenda kufunga kibanda chake hayupo, hata kama jina lake liko daftarini.

Hili si jambo dogo la kubania watu. Katiba ya Uganda, katika ibara ya 88 kama ilivyo baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inaweka akidi ya Bunge kuwa theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura, na inasema akidi hiyo inadaiwa pale Bunge linapopiga kura. Wabunge wanaweza kuzungumza wakiwa wachache, lakini hawawezi kuamua wakiwa wachache. Utakumbuka pia kwamba tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria nzima kuhusu mapenzi ya jinsia moja, iliyokuwa imepitishwa Desemba 2013, bila hata kuingia katika yaliyomo. Sababu ilikuwa kwamba palitolewa malalamiko ndani ya ukumbi kuwa akidi haipo, na Spika akaendelea bila kuthibitisha. Nchi nzima ilikuwa imebishana juu ya sheria ile kwa miezi, wengine wakiishangilia na wengine wakiilaani, na mwisho wake ukawa hesabu ya vichwa. Ikiwa Bunge lilipatwa na hilo, usione aibu kwamba limekupata na wewe chini ya mwembe, au popote mnapokaa.

Kuhusu kura yako, mambo yana sura mbili. Katika Bunge letu, ibara ya 89 ya Katiba inasema anayeongoza kikao hana kura ya kawaida wala kura ya kuamua, na kura zikilingana hoja imeanguka. Katika utaratibu wa Wamarekani ambao vyama vingi duniani hufuata, mwenyekiti ambaye ni mwanachama anaweza kupiga kura pale kura yake inapoweza kubadili matokeo, lakini halazimiki. Wewe hukuiba, basi. Ulifanya jambo ambalo mahali pengine linaruhusiwa na mahali pengine limekatazwa. Swali ni katiba yenu inasema nini, na kama haisemi kitu, iandikwe sasa kabla ya ugomvi mwingine. Ushauri wangu ni mfuate mfano wa Bunge. Kura zikilingana, maana yake ni kwamba kikundi hakijashawishika, na kikundi kisichoshawishika kinabaki kilipokuwa. Mwenyekiti anayeivunja sare hujipatia maadui nusu ya ukumbi kwa sekunde moja.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hutalipenda. Uliandika kwamba ulimweleza mzee "kwa karibu nusu saa" kwa nini upinzani wake hauna msingi. Mama yangu, hiyo nusu saa ndiyo ugonjwa. Anayeketi kwenye kiti cha mwenyekiti ameazimwa mamlaka ya wote: anampa huyu nafasi, anamnyima yule, anasema muda umekwisha. Akiitumia nafasi hiyohiyo kubishana, hakuna anayeweza kumwambia muda wako umekwisha, maana mwenye saa ni yeye. Watu wakishaona kwamba refa anapiga mpira, wanaacha kumsikiliza hata anapopuliza filimbi kwa haki. Unayo haki ya kuwa na maoni kuhusu hema, na pengine maoni yako ni mazuri, lakini siku unapotaka kuyasema, mwachie makamu kiti, ukae na wenzako, uombe nafasi kama wao, na usirudi kwenye kiti mpaka jambo hilo liishe.

Si wewe wa kwanza kushindwa na kiti. Mwaka 1863 mhandisi mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa kuongoza mkutano kanisani katika mji wa New Bedford. Hakujua utaratibu wowote, mkutano ukamshinda, akatoka na aibu na kuapa kwamba hatahudhuria mkutano mwingine kabla ya kujifunza. Mwaka 1876 alitoa kijitabu cha kanuni chenye kurasa 176, alichokitoa kwenye desturi za Bunge la nchi yake na kukipunguza kiwafae watu wa vyama na makanisa. Kijitabu hicho kimenenepa. Toleo la mwaka 2020 lina zaidi ya kurasa 600. Nadhani kurasa alizochapisha kijana wenu zina ukoo na kitabu hicho. Usimruhusu mtu akuletee kurasa 600 sokoni. Kikundi cha watu 41 kinahitaji kanuni zinazoenea kwenye ukurasa mmoja, zilizosomwa kwa sauti na kupitishwa na wanachama wenyewe, zikiwa chini ya katiba yenu, nayo katiba ikiwa chini ya sheria za nchi. Kijana akikuambia "kitabu kinasema" na katiba yenu inasema vingine, katiba ndiyo inayofuatwa.

Kati ya kanuni hizo, iliyo mama ya nyingine zote ni hii: kikao kijadili jambo moja kwa wakati mmoja, na jambo hilo liwe sentensi. Nilikaa miaka mingi mezani kwa karani nikiandika kumbukumbu za mabaraza, na nimeona jinsi mambo yanavyoanza kwetu. Mtu anasema, "Mimi naona tufikirie habari ya hema." Wa pili anasimulia jinsi ndugu yake alivyokodi hema Tororo ikarushwa na upepo. Wa tatu anauliza mbona wenye madeni hawajalipa. Wa nne anamjibu wa tatu. Baada ya dakika arobaini mwenyekiti anauliza, "Basi tumekubaliana?" na watu wanaitikia "Ndiyooo," kwa kuwa wamechoka. Wamekubaliana nini? Mimi niliyeshika kalamu sikuwahi kujua, nikaandika nilichodhani, na Jumapili iliyofuata kila mtu akaja na uamuzi wake kichwani. Hapo ndipo unapopata faini ya kuchelewa inayojadiliwa mara nne. Hairudi kwa sababu watu ni wabishi. Inarudi kwa sababu haikuwahi kuamuliwa kwa maneno yanayoweza kusomwa tena.

Kwa hiyo mtu anayetaka kikundi kifanye jambo na aseme hivi: "Natoa hoja kwamba kikundi kinunue hema moja na viti 100 kwa bei isiyozidi shilingi 4,800,000 kutoka mfuko wa miradi." Sentensi hiyo inaandikika, na inaweza kujibiwa ndiyo au siyo. Kisha unauliza kama yupo anayeiunga mkono. Kumuunga mtu mkono hapa si kukubaliana naye. Ni kusema tu kwamba yuko angalau mwingine mmoja anayeona jambo hilo linastahili muda wa watu. Asipopatikana, hoja imekwisha bila ugomvi, na umeokoa nusu saa. Akipatikana, wewe mwenyewe unairudia hoja kwa sauti, pole pole, na kwa kuwa mna wanaokisema Kiswahili kwa shida, acha mtu aitafsiri kwa Kisamia au Kiteso. Tangu hapo, anayeleta habari za madeni unamwambia kwa upole kwamba jambo lake litapata nafasi yake.

Yupo atakayesema, "Mimi hema naikubali, ila viti 100 ni vingi." Huyo hapingi, anarekebisha. Atoe hoja ya marekebisho kwamba viti 100 viwe 60, aungwe mkono, mjadili idadi ya viti peke yake, mpige kura juu ya idadi hiyo, halafu ndipo mrudi kwenye hoja kubwa jinsi ilivyobaki. Watu wengi huchanganyikiwa hapa na kudhani kwamba wakishapitisha marekebisho wamepitisha na ununuzi. Hapana, kura ya mwisho bado inadaiwa. Na kama mnaona hamna habari za kutosha, kwa mfano hamjui bei za wauzaji wengine, hoja inaweza kupelekwa kwa kamati ya watu watatu wakapeleleze na kuleta taarifa Jumapili ya tarehe inayotajwa. Jambo la shilingi 4,800,000 lilistahili hilo. Halikustahili kuletwa kwenye mengineyo jioni wakati watu wanatafuta viatu vyao. Wekeni sharti kwamba hoja yoyote ya fedha kupita kiasi mtakachokubaliana itangazwe wiki moja kabla, ili mwenye kibanda aamue mwenyewe kama siku hiyo atakifunga mapema.

Kuhusu nani aseme na kwa muda gani: kanuni za yule mhandisi zinampa kila mwanachama nafasi mbili katika hoja moja, dakika kumi kila nafasi. Piga hesabu ya watu 41 kwa dakika kumi na utapata dakika 410, karibu muda wa saa saba, na hiyo ni zamu ya kwanza tu. Wekeni dakika tatu. Lakini kipengele kimoja msikipunguze hata kidogo: hakuna anayepata nafasi ya pili ikiwa yupo ambaye hajapata ya kwanza na anaitaka. Kanuni hii peke yake itawafungulia mdomo akina mama wa mitumba kuliko hotuba yoyote ya kuwahimiza. Unaweza pia kuwapa nafasi kwa zamu, mmoja anayekubali na mmoja anayepinga, ili wasikae wanane upande mmoja wakirudia neno lile lile.

Mzee wenu usimshughulikie kikaoni. Nenda kwake kabla ya Jumapili, kaa naye, na umweleze kwamba ungependa yeye awe anasema mwishoni. Katika mabaraza ya wazee niliyokulia, mwenye mvi nyingi alisubiri wadogo wamalize, kisha akakusanya maneno. Mkubwa akitangulia, wengine hukubali au hunyamaza, na ukiwa umeketi mbele huwezi kutofautisha kukubali na kunyamaza. Mwambie hivyo, naye ataona kwamba unampa heshima kubwa zaidi kuliko aliyokuwa nayo. Dakika tatu zimhusu pia, ila nafikiri hatakosa wa kumwongezea moja.

Sasa kijana. Nakiri nilicheka, maana kila baraza lina wake. Mwambie, na waambie wote, kwamba pointi ya oda ina kazi moja: kumkumbusha mwenyekiti kwamba kanuni inavunjwa sasa hivi na kwamba uvunjaji huo unamdhuru mtu au unaharibu uamuzi. Mlipopiga kura mkiwa 17, kama angesimama kusema akidi haipo, angekuwa amewaokoa. Siku ile ya hema alikuwa wapi? Mama aliyezungumza akiwa amekaa hakumdhuru mtu yeyote. Akisimama tena kwa jambo kama hilo, unajibu neno moja, "Haikubaliwi," na unamrudishia mama nafasi yake, bila kueleza na bila kukasirika. Yeye au mwingine asiporidhika na uamuzi wako anaweza kukata rufaa papo hapo kwa kikundi, akiungwa mkono, na wengi wataamua kama mwenyekiti yuko sahihi. Usiiogope rufaa hiyo, kwa kuwa inakutua mzigo: ikishapigiwa kura, si wewe tena unayemkatalia.

Na ile "Tupige kura!" yake haina nguvu yoyote kama kelele. Kufunga mjadala ni kuwanyima watu haki ya kusema, kwa hiyo nayo ni hoja, inaungwa mkono, na inahitaji theluthi mbili za waliopiga kura. Wakiwa 27 na wote wakapiga kura, wanaotaka kufunga wawe 18. Wakiwa 17, mjadala unaendelea. Theluthi mbili iliwekwa hapo ili nusu na mmoja wasiwe wanawanyamazisha nusu kasoro mmoja kila wanapochoshwa nao.

Kijana mwenyewe msimtupe. Mpe saa ashike muda, na kila anapotaka kusema yeye, amkabidhi mwingine saa hiyo. Lakini kabla ya hapo, yeye na wewe mwende kwa yule mama aliyesema hatarudi.

Unauliza kama kanuni hizi ni za waheshimiwa tu. Waheshimiwa wenyewe, wenye kanuni zilizochapishwa na Spika mwenye joho, mwezi Septemba 2017 walipigana ngumi na kurushiana viti wakati wa mvutano kuhusu ukomo wa umri wa rais, na wengine wakatolewa nje na walinzi. Kanuni haziwezi kuwazuia watu walioamua kutosikilizana. Nanyi hamjafika huko. Ninyi mnataka kusikilizana na hamjui njia. Isitoshe, si kila kikao kinahitaji vazi zima. Kamati yenu ya uongozi, ikiwa ni ya watu saba au wanane, haina haja ya kuungana mkono wala kusimama, na humo mwenyekiti anaweza kuchangia kama wengine. Hata utaratibu wa Robert unaruhusu hivyo kwa bodi ndogo zisizozidi watu kumi na wawili hivi.

Kura nazo nizipitie haraka. Daima uliza pande zote mbili, wanaokubali na wanaokataa, hata kama unaona kwa macho kwamba wanaokubali ni wengi. Mwenyekiti anayesahau kuwauliza wanaokataa hajapigisha kura. Wahesabu watu wawili, na namba iandikwe. Kwa mambo ya kuchagua viongozi, au jambo lolote linalomgusa mzee, tumieni siri. Mwezi Julai 2018 tulichagua wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, na kila mtu kijijini akajua jirani yake alisimama wapi. Mengine ya mistari ile yanakumbukwa hadi leo kwenye visima. Punje ya mahindi kwa ndiyo na ya harage kwa siyo, zikitumbukizwa ndani ya mfuko mmoja mmoja, zinatosha kabisa, na asiyejua kusoma anapiga kura sawa na mwalimu.

Faini ya kuchelewa: iandikwe kama hoja, ipigiwe kura, na katibu aisome Jumapili inayofuata kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita. Atakayetaka kuirudisha baadaye asizuiliwe milele, maana kikundi kina haki ya kubadili mawazo, lakini atoe taarifa wiki moja kabla kwamba atatoa hoja ya kuufuta uamuzi, na hapo wingi wa kawaida utatosha. Akizuka nayo ghafla bila taarifa, atafute theluthi mbili.

Turudi kwenye amana ya shilingi 1,500,000. Uamuzi uliofanywa bila akidi ni kama haukufanywa, na aliyetoa fedha kwa uamuzi huo ametoa kwa dhamana yake mwenyewe mpaka kikao chenye akidi kimwidhinishe. Kwa hiyo kesho mweka hazina amwombe mwenye hema, kwa maandishi, asubiri wiki mbili, na amuulize kama amana inarudishwa ikiwa ununuzi hautaendelea. Jumapili hii utangaze tu kwamba Jumapili ijayo kutakuwa na hoja ya kuidhinisha ununuzi, na utaje bei. Siku hiyo iwe ajenda ya kwanza baada ya akiba. Hesabuni vichwa kabla ya mjadala na tena kabla ya kura, na wasipofika 21, ahirisheni. Usijitetee kwa maneno mengi. Sema kwamba kura ya mwezi uliopita ilipigwa bila akidi, kwamba ulikosea kuhesabu, na kwamba jambo liko mbele yao upya. Kisha mpishe makamu akalie kiti, ukakae na wauza nafaka wenzako, na ukitaka kusema, nyoosha mkono usubiri kuitwa. Zako ni dakika tatu.